Perege Tuliowapeleka Pwani

Nimrudishe kwa mkewe kama nilivyoahidi, au nimwache alikotaka kubaki? Swali hilo lilininyima usingizi mwaka ule, na kukosa usingizi hakukuwa kugeni kwangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nina digrii mpya ndani ya bahasha ya kaki, na kichwa kinachosaga jambo dogo hadi linakuwa kubwa. Ningeweza kukesha nikijiuliza kama barua ya maombi ya kazi niliyoipeleka mchana ilipaswa kuanza na “Yah” au “Kuh”. Lakini hili halikuwa barua. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke anayemsubiri Babati, ameketi kwenye mkeka mbele ya bahari na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye harudi. Wiki mbili zilizopita Rukia, binti yake, alinipigia simu kunipa habari kuwa mama yake amefariki. Tulilia kidogo, halafu akauliza, “Da Paska, lile daftari la barabara bado unalo?” Nikamwambia ninalo. Anataka kuipita njia ile na wanawe, kwa gari lake. Nimelitoa sandukuni, na kabla sijasoma hata mstari mmoja nimesikia harufu ya samaki wa moshi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Ofisi nyingi zilikuwa bado kwenye vyumba vya kuazima, wageni wenye mikoba wanashuka stendi kila siku kuuliza nyumba za kupanga, na vijana kama mimi tulizunguka kwenye mbao za matangazo kama kuku kwenye mtama. Ili niwe karibu na mbao hizo nilipanga chumba nyuma ya duka la Mzee Athumani, karibu na soko. Kilikuwa na kitanda, meza na dirisha moja linalotazama uani, na ukuta wake haukufika juu kwenye bati. Upande wa pili kulikuwa na jiko la Mama Rukia. Kwa hiyo nilijua kila kilichopikwa kabla hakijaiva, na kila kilichosemwa. Ukiniuliza leo ninakumbuka nini zaidi cha mwaka ule, nitakwambia ni mlio wa mwiko kwenye sufuria ya mlenda na wale wazee wawili wakibishana kuhusu maji.

Mzee Athumani alizaliwa Kipumbwi, kusini ya Pangani, akaja Babati kijana na robota la khanga, akakaa. Mama Rukia, ambaye jina lake hasa ni Zainabu, alikuwa Mrangi aliyekulia Bonga, na hakuwahi kuona bahari. “Hilo lenu la Babati si ziwa, ni bakuli,” mumewe angesema. “Bakuli lina viboko,” Mama Rukia anajibu huku anageuza karanga kwenye kikaango. “Bahari yako ina nini?” “Ina ng’ambo isiyoonekana.” “Sasa hilo la kujisifia? Sisi ng’ambo tunaiona mpaka nguo zilizoanikwa.” Mzee angecheka mpaka akohoe, kisha angeanza kuisimulia njia ya kutoka Tanga kwenda kwao, kituo kwa kituo: Tongoni, Kigombe, mashamba ya mkonge, minazi, mto Pangani na pantoni lake, Bweni, halafu mchanga. Alikuwa amerudi mara mbili tu tangu aondoke, zote kwa msiba, amebanwa katikati ya basi, hakuona kitu. Alichotaka kilikuwa kimoja: kuipita njia ile mchana, kwa gari lake, akiwa mbele, akisimama anapotaka.

Gari lilikuwapo. Lilikaa uani chini ya turubai, dogo, la milango minne, rangi ya maziwa. Kila Ijumaa baada ya swala alilifunua, akaliwasha, akakaa nyuma ya usukani robo saa bila kwenda popote, kisha akalizima. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha. Jicho la kushoto lilikuwa limezima, na la kulia lilikuwa linafuata taratibu. Nilimwona dirishani wiki nyingi kabla sijaelewa kwamba hakuwa anapasha injini moto.

Siri yangu ya leseni iliponzwa na picha za pasipoti. Nilikuwa nimetandaza vyeti juu ya meza kutafuta picha moja iliyobaki, Mama Rukia akaingia na sahani ya makande, akaiona leseni katikati ya vyeti.

“Kumbe wewe dereva!”

“Nina leseni tu, Mama. Sina mazoezi.”

“Leseni tu,” akarudia, akaweka sahani, akatoka. Kesho yake aliniita jikoni. Alikuwa anapanga perege wa ziwani kwenye waya juu ya moshi, mmoja mmoja, vichwa vyote upande mmoja. Akasema amewauliza vijana watatu wa stendi kama wanaweza kumpeleka mumewe Kipumbwi. “Wote wananiambia, Mama, Tanga ni siku moja tu. Mtu anayesema siku moja tu simpi mume wangu. Wewe hata kuvuka barabara pale sokoni unaogopa, nakuona. Unasimama mpaka baiskeli zote ziishe. Wewe ndiye ninayemtaka.”

Nilimuuliza kwa nini asije naye. Hakuinua macho. Alimgeuza samaki mmoja, akamgeuza tena, akamrudisha alivyokuwa.

“Nikienda na mimi,” akasema, “atarudi kwa nani?”

Nilikubali, halafu nikachukua miezi mitano kujiandaa. Nilinunua daftari, nikaenda stendi kila asubuhi kuwauliza madereva wa mabasi. Kuna konda mmoja, Side, alinifanya kichekesho cha pale. “Sista, mambo! Leo tunafanya somo gani? Kona au mlima?” Nikamjibu poa, nikafungua ukurasa. Waliniambia vizuri: vumbi hadi Minjingu na mbele yake, lami inaanza Makuyuni, upepo wa Same unasukuma gari jepesi, Mombo kuna chakula, Segera shika kushoto. “Na baada ya Tanga?” niliuliza. Wakatazamana. “Baada ya Tanga ni maji, sista,” akasema Side, na stendi nzima ikacheka. Kurasa za kutoka Tanga hadi Kipumbwi zilibaki na maneno ya Mzee peke yake. Nilimwahirishia safari mara tatu. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili tairi, mara ya tatu uvumi kwamba kuna usaili ofisi ya mkoa, usaili ambao haukuwapo. Hakulalamika. Siku moja tu nikiwa dukani alimkatia mteja khanga, kisha akaniinamia kwa sauti ndogo, “Mwanangu, hii niliyompa ni nyekundu au ya zambarau?” Ilikuwa ya kijani. Jioni ile nilimwambia Mama Rukia tunaondoka Jumatatu.

Babati gari binafsi haliendi mbali peke yake. Habari ikishatoka, kila mwenye ndugu njiani analeta mzigo. Nusu gunia la maharage ya Dareda kwa mwalimu aliyehamishiwa Muheza. Asali. Ndoo ya vitunguu. Bahasha ya picha za harusi kwa mtu wa Korogwe ambaye angetusubiri barabarani akiwa na shati jekundu, na kweli tulimkuta. Jumatatu alfajiri Mama Rukia akaleta wa kwake: tenga la perege wa kukaushwa, limefungwa kwa khanga. Nikadhani amesahau tunakokwenda.

“Mama, tunapeleka samaki pwani?”

“Samaki wao ni wao. Hawa ni wa mkono wangu. Wifi zangu hawajawahi kula kitu cha mkono wangu.” Kisha akanishika kifundo cha mkono, mkono ule ule wenye funguo. “Paskalina. Nakukabidhi mtu. Nirudishie mtu.”

Sitasimulia siku mbili za kwanza. Niliendesha nikiwa nimekaza mabega hadi yakaniuma wiki nzima. Tulilala Same, Mzee akamwambia wa mapokezi, “Vyumba viwili, huyu ni binti yangu, na ndiye dereva,” akatamka neno la mwisho kama anatangaza cheo. Tulilala Tanga. Asubuhi ya tatu tukashika barabara ya Pangani, ya udongo mwekundu wakati ule, na hapo ndipo daftari langu linapobadilika mwandiko. Herufi zimelala na mistari imepinda, kwa sababu niliandika nikiwa nimesimamisha gari, na alinisimamisha kila mara.

Alikuwa ameteremsha kioo chote na mkono wake wa kushoto ulikuwa nje. “Punguza,” akasema. Nikamwambia niko gia ya pili, Mzee. “Basi tia ya kwanza.” Maisha yangu yote niliambiwa nafanya mambo polepole mno. Yule ndiye mtu wa kwanza kuniambia naenda mbio. Tulipita Tongoni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baadaye mkonge ukaanza, safu kwa safu hadi macho yachoke, na kabla ya kila kitu yeye alikwishanusa. “Hapa kuna korona, mashine ya mkonge, wanakamua,” na baada ya kona moshi wa kiwanda unatokea. Bahari ilijitokeza kati ya minazi, ikajificha, ikajitokeza tena, karibu kiasi cha kuweza kuitupia jiwe. Mimi pia nilikuwa siijui hivyo. Dar es Salaam nilikosoma niliiona bahari kutoka mbali, ikiwa nyuma ya majengo na shughuli.

“Iko rangi gani leo?” akauliza. Alikuwa ameielekezea jicho lake moja, lakini nadhani alichopata ni mng’ao tu.

“Bluu.”

“Bluu ipi? Sema kama muuza duka.”

Nikazima gari. Nikafikiri kwa muda mrefu, na safari hii hakuna aliyenikimbiza. Nikazipitia rafu za duka lake kichwani, kutoka juu. “Ile khanga ya rafu ya pili,” nikasema, “mwishoni, karibu na mizani. Ile iliyokataa kununuliwa.”

Akapiga paja. “Ile! Zainabu kila mwaka ananiambia niipunguze bei. Wallahi nilikuwa sijui kwa nini nimeishika.” Akacheka. Nikiwa peke yangu barabarani siku hizi, na ninasafiri sana kwa kazi, lami kila mahali, kuna wakati nashusha gia bila sababu yoyote. Magari ya nyuma yanapiga honi. Hawawezi kujua ninayemsubiri aseme nipunguze zaidi.

Kwenye pantoni la Pangani niling’ang’ania klachi na breki hadi mfanyakazi wa pale akaniambia, “Dada, injini zima, mto utakubeba wenyewe.” Ng’ambo ya Bweni tulikula mchanga na matope kwa saa nyingine mbili. Kipumbwi tulipokelewa na dada yake, Bi Mwanahawa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto. Walilia, wakashikana mashavu. Kisha akafungua tenga.

“Athumani! Nini hiki?”

“Zawadi ya wifi yako.”

“Samaki?” Akageukia majirani waliokusanyika. “Njooni muone! Watu wa bara wametuletea samaki! Kesho watatuletea na chumvi!” Walicheka wakashikana mabega. Mtoto akatumwa kuwaita wengine. Mzee alicheka pamoja nao, lakini nilimwona akiifunga tena ile khanga kwa uangalifu, fundo juu ya fundo. Tenga likatundikwa juu ya jiko, na ikaonekana hakuna atakayeligusa.

Nilipewa chumba chenye madirisha mawili na kitanda cha kamba. Siku tatu zilikuwa za sherehe. Mzee alitembea pwani bila fimbo, akitambua watu kwa sauti zao, akila samaki, changu na tasi, kwa tui hadi mashavu yang’ae. Siku ya nne, tukiwa tumekaa mkekani, nilimkumbusha kwamba kesho tunatakiwa kuondoka.

“Wewe utaondoka,” akasema. “Mimi sirudi, mwanangu. Nikirudi kule nitaona nini? Hapa hata nikizima lote najua kila kitu kilipo. Kamwambie Mama Rukia nimefika salama.”

“Nimwambie hivyo tu?”

“Mwambie hivyo, atanielewa.”

Hapo likaanza lile swali. Nikalipeleka kwenye daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa: upande huu nimrudishe, upande ule nimwache. Kurasa hizo ninazo mbele yangu sasa. Upande wa kwanza nimeandika “niliahidi” mara nne, kana kwamba ningesahau. Upande wa pili: “ni mtu mzima”, “ni kwao”, “macho”. Nikafikiria kumdanganya kwamba tunakwenda Tanga hospitali, kisha nisisimame hadi Babati. Nikaona aibu, nikalikata. Nikafikiria kupiga simu. Kipumbwi hakukuwa na mtandao, ila Pangani ningeweza, na simu ya karibu na duka ilikuwa ya kinyozi, ambapo Mama Rukia angeitwa kuja kuambiwa mbele ya watu watatu wenye sabuni kidevuni kwamba mumewe harudi. Nikalikata pia. Siku ya tano nilipaswa kuondoka, sikuondoka. Bi Mwanahawa akaniuliza, si kwa ubaya, “Dereva, gari limeharibika au wewe?”

Siku ya sita mchana tulikula wote uani. Palikuwa na wali wa nazi na samaki aliyetoka majini asubuhi. Mzee alimega mara mbili, akaacha. Akafuta vidole polepole.

“Dada,” akasema, “wale perege wa Zainabu wamebaki?”

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanahawa aliinuka, akateremsha tenga, akasema hajui wanapikwaje. Nikasema najua, nimesikia wakipikwa mwaka mzima. Nikakaanga karanga, nikazitwanga, nikapika rojo kama nilivyokuwa nikilisikia ukutani: maji kidogo kwanza, kitunguu baadaye, koroga na usiondoke. Ukanuka ua mzima kama nyuma ya duka letu. Bi Mwanahawa akaonja wa kwanza, akaonja tena, akasema tu, “Kumbe.” Mzee alikula samaki mzima, akanyonya mifupa. Kisha akabaki ameshika kichwa cha samaki mkononi.

“Karanga hukuziunguza,” akaniambia. “Yeye huziacha ziungue kidogo upande mmoja. Mimi humgombeza, anaziunguza makusudi.” Akaweka kile kichwa kwenye sahani, akaelekeza uso baharini, na nikamwona mtu aliyekuwa amefika alikokuwa anakutamani miaka yote, anatamani tena.

Nililifunga daftari siku hiyo. Sikuandika kitu kingine, ndiyo maana kurasa za mwisho ni tupu, na nimeshamwambia Rukia asitafute. Alfajiri nilichukua funguo. Mzee alisikia mlango wa gari, akatoka akishika ukuta.

“Unakwenda? Peke yako? Na pantoni?”

“Peke yangu, Mzee. Nakuja.”

“Unakuja?” akauliza. Sikumfafanulia. Niliogopa nikianza kueleza nitaanza na kufikiri.

Nilivuka kwa pantoni injini imezimwa. Niliipita minazi na mkonge bila wa kuniambia nipunguze, na nililia kipande fulani baada ya Kigombe, sijui kwa nini hasa. Nililala Same. Kesho yake alasiri niliingia Babati gari limekuwa rangi ya udongo wa Minjingu. Side alinipungia kutoka stendi, akapiga kelele, “Mtihani umepita, sista?” Nikapiga honi. Mama Rukia alikuwa mlangoni mwa duka. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti cha mbele, kilichokuwa kitupu, akashika fremu ya mlango.

“Shikamoo, Mama. Yuko mzima,” nikasema kabla sijashuka vizuri. “Ni mzima kabisa.”

“Amekataa kurudi.”

“Amekataa.”

“Nilijua.” Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mteja. “Marahaba. Sasa wewe umerudi kufanya nini? Kunieleza?”

“Anasema karanga nilizompikia hazikuungua upande mmoja.”

Niliona midomo yake ikipambana, na sikujua kama itatoka hasira au kicheko. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu, ndefu.

“Nimekuja kukuchukua,” nikasema. “Gari ninalo, njia naijua. Uliniambia nikurudishie mtu, nimeshindwa. Naweza kukupeleka alipo.”

“Na duka?”

“Rukia yuko Kondoa, atakuja. Tutampigia simu kwa kinyozi sasa hivi.”

“Na mimi baharini naenda kufanya nini, mimi mtu wa Bonga?”

Niliingia dukani, nikanyoosha mkono hadi mwisho wa rafu ya pili, karibu na mizani, nikatoa ile khanga ya bluu iliyokataa kununuliwa. Nikamwambia kwamba Mzee alipouliza bahari ina rangi gani, nilimtajia hii. Akaipokea. Akaifungua upande mmoja, akaiangalia kwenye mwanga wa mlango, akaikunja akaitia kwapani.

“Twende tukailinganishe,” akasema, “maana huyo mzee wangu na rangi siku hizi simwamini.” Akaenda uani kuzima jiko na kuchukua karanga. Nami nikachukua kufuli juu ya meza, nikavuta mlango wa duka kwa mikono yote miwili, nikaufunga.